Mgonjwa wa Kitanda cha Sita

Nilidhani mashine imeharibika. Karatasi iliyotoka ilisema kwamba yule binti amezungumza na mgonjwa kwa dakika kumi na nane, na mimi nilikuwa nimemtahini mara mbili bila kusikia kutoka kwake zaidi ya maneno manne. Moja lilikuwa "habari". Matatu yaliyobaki yalikuwa "samahani", "samahani" na "samahani".

Nafundisha uuguzi chuoni, mwaka wa ishirini na sita huu. Somo langu ni la wodini: namna ya kumsogelea mgonjwa, kumsalimia, kumuuliza, kumpima, kumgeuza bila kumuumiza. Mtihani wake una mgonjwa mmoja, mwanafunzi mmoja, na mimi nimesimama upande wa miguu ya kitanda na ubao wangu wa kuandikia. Ukifeli mara tatu unafungasha virago. Huyu binti, ambaye wenzake walimwita Kimya mpaka na mimi nikalisahau jina lake la kwenye rejista, alikuwa ameshafeli mara mbili. Kwenye mitihani ya karatasi alikuwa wa kwanza darasani. Mikono yake ilikuwa mepesi, akifunga bendeji unatamani usiifungue. Lakini akifika kitandani mdomo ulikuwa kama umeshonwa, na mgonjwa usiyemsemesha humuuguzi, unampima tu kama gunia.

Sasa hiyo mashine. Hospitali iliyokuwa ikitupokea ilikuwa imetupunguzia nafasi. Wanafunzi walikuwa wengi na vitanda vichache, mgonjwa mmoja anapimwa presha mara kumi na moja asubuhi moja, mpaka presha yenyewe inapanda kwa kero. Chuo kikanunua miwani thelathini. Unaivaa inakufunika nusu ya uso, unashika vishikio viwili mikononi, na mara umesimama katikati ya wodi: vitanda vinane, mapazia, meza ya dawa, hata saa ya ukutani inatembea. Waliotuletea waliiita uhalisia pepe. Mimi pepe ninayoijua ni ya mpunga, ganda lisilo na punje ndani, nikaona jina limekaa mahali pake. Mkuu wa idara akanipa kazi ya kuandika ripoti mwisho wa muhula, kwamba miwani ibaki au irudishwe. Nilikuwa nimeshaiandika kichwani kabla sijaivaa.

Nikaichukua ile karatasi hadi chumba cha kompyuta. Fundi wa pale amemuoa mwalimu wetu wa lishe, kwa hiyo chuo kizima tunamwita Shemeji, hata wanafunzi.

"Shemeji, mashine yako inasema uongo."

"Mashine haina faida ya kusema uongo, Mwalimu. Kaa hapo uone."

Akanifungulia kipindi cha Kimya kwenye kioo. Nikamwona, au tuseme nikaliona umbo lake la kuazima lenye sare ya bluu, likiingia wodini na kwenda kitanda cha tatu. Pale hulala mama mwenye kisukari ambaye ni sauti iliyorekodiwa tu, ana majibu kumi na mawili na zaidi ya hapo hana. Kimya akavuta kiti. Akaketi. Akasalimia, akauliza amelalaje, anakaa na nani nyumbani, nani anamkata kucha. Yule mama wa kurekodiwa akajibu "Mguu wangu unawasha" mara tano, na mara zote tano Kimya alimpa pole, kila pole na uzito wake, kama ndiyo kwanza anasikia.

Nilicheka mpaka Shemeji akanitazama. Kisha nikaacha kucheka, maana nilichokuwa nakiona ndicho nilichokuwa nakipigia kelele darasani kwa miaka ishirini na sita, na aliyekuwa akikifanya ni binti niliyekuwa nakaribia kumfukuzisha chuo.

Mimi ni mtu wa hasira, sifichi. Lakini udadisi wangu unaizidi hasira yangu mbali. Nikikuta mlango umefungwa lazima nijue kwa nini, hata kama ni stoo ya mafagio. Kwa nini mtu aongee na sauti ya kurekodiwa, halafu mbele ya mgonjwa anayepumua awe kama kamwagiwa maji? Na mtihani wake wa tatu ulikuwa umebaki wiki saba.

"Mwite umuulize," Shemeji akasema.

"Nilishamwita. Alisema samahani."

Shemeji akakuna kidevu. Akanikumbusha habari ya kitanda cha sita. Wagonjwa wengine wote ni wa kurekodiwa, lakini cha sita waliotengeneza walikiacha wazi ili mtu halisi aweze kumvaa mgonjwa kutoka chumba kingine. Unakaa ofisini kwako na miwani yako, na kule wodini anaonekana babu wa miaka sabini aliyepigwa na kiharusi, amepooza upande wa kushoto. Unaongea kwa sauti yako, mashine inaigeuza inakuwa ya babu. Wanafunzi waliambiwa siku ya kwanza kabisa kwamba nyuma ya babu wakati mwingine kuna mtu. Hawakuambiwa ni nani. Mpaka wakati huo hakuna aliyekuwa amejisumbua kukaa nyuma yake, na mimi nikadhani wameshasahau.

Jumanne saa nne asubuhi nikafunga mlango wa ofisi, nikavaa miwani, nikawa babu.

Sikutegemea nilichokiona. Miaka yote hiyo nimesimama kando ya vitanda, sijawahi kuitazama wodi kutoka kwenye mto. Dari ni kubwa. Watu wote ni warefu. Mwanafunzi wa kwanza alikuja akasimama juu yangu akaanza kunisomea maswali moja baada ya jingine, na nikajikuta namchukia, mtoto wa watu, kwa sababu tu sikuweza kuyaona macho yake. Wa pili alinipima presha akaondoka bila kuniambia ni ngapi. Nilitaka kumwita arudi nimpe la kumpa, nikakumbuka kwamba mimi ni babu.

Kisha akaja Kimya. Akavuta kiti, akaketi, uso wake ukawa sawa na wangu.

"Shikamoo babu."

"Marahaba mjukuu wangu. Huu mto mmeujaza mawe?"

Sijui maneno hayo yalinitoka wapi. Akacheka. Nilikuwa sijawahi kumsikia akicheka. Akaurekebisha mto, akaniuliza kama nakula upande upi wa mdomo, kama maji yananipalia. Maswali ya mtu anayefikiri. Nikanogewa. Nikamtungia wake wawili waliotangulia mbele ya haki na ng'ombe mkaidi, na yeye katikati ya mazungumzo akawa anachomeka maswali yake ya kazi wala huyahisi, kama anavyofunga bendeji.

Hapo ndipo nilipofanya kosa. Shemeji alikuwa amenionya: kishikio cha kushoto kiache mezani, kwa sababu babu upande huo haujiwezi. Lakini mimi ni wa mkono wa kushoto tangu kuzaliwa, ndio ninaoandikia, ndio unaoshika kalamu kutwa nzima, na nilikuwa nimekikamata bila kujijua. Kimya akanyamaza ghafla. Nikatazama chini nikauona mkono wa babu uliopooza umeinuka juu ya shuka, kidole gumba kinacheza. Nikautupa chini upesi, upesi ambao hakuna mwenye kiharusi anaouweza. Kimya akautazama ule mkono kitambo. Akafungua faili lake, akaandika, akafunga.

Jioni nilisoma alichoandika. *Saa nne na dakika ishirini na mbili, mkono wa kushoto umesogea wenyewe. Ufuatiliwe.* Wanafunzi wanane walikuwa wamepita kwa babu siku hiyo na kishikio kilikuwa mkononi mwangu muda wote, ina maana babu alikuwa akipunga mkono kama mgombea. Aliyeona ni mmoja. Nikaona aibu na fahari kwa pamoja, mchanganyiko usiokalika vizuri kifuani.

Juma lililofuata nikarudi, safari hii kishikio cha kushoto nikakifungia kwenye droo. Kimya akaja. Tukamaliza mambo ya mto na ng'ombe. Nikaona nisizunguke.

"Mjukuu wangu, wewe unaongea vizuri sana. Huko kwenye mitihani yenu lazima unawaacha mbali wenzako."

Akainamisha kichwa. Kwenye miwani huoni machozi, huoni hata rangi ya uso, unaona kichwa kimeinama tu.

"Nafeli, babu. Nimefeli mara mbili."

"Wewe? Kwa lipi?"

Nikasikia feni ya ofisini kwangu ikizunguka.

"Kuna mwalimu wetu," akasema. "Tunamwita Mama Kalamu. Ana kalamu ile ya kubonyeza juu. Akisimama pale miguuni anabonyeza, tik, tik, tik. Mimi kila tik nahisi ni kosa langu moja. Nikisalimia, tik. Nikimgusa mgonjwa, tik. Naanza kuhesabu. Nikifika saba, hata jina la mgonjwa silikumbuki tena."

Miaka ishirini na sita, na sikujua kama nina jina la utani.

"Basi huyo mwalimu ni mbaya," nikasema, na sauti ya babu ilitoka imekauka.

"Hapana babu. Mwalimu mzuri kuliko wote ni yeye. Ndiyo maana inaniuma. Angekuwa mbaya ningempuuza."

"Ungepata nafasi ungemwambia nini?"

"Aiweke mfukoni," akasema. "Dakika kumi tu. Asiniangalie vingine, asinionee huruma, anipe alama ninazostahili. Ila aiweke mfukoni."

Nikavua miwani nikiwa nimewaka. Kumbe ni kalamu! Mtu anafeli mara mbili, ananikondesha kwa mawazo, kwa sababu ya kalamu! Na wagonjwa je? Wodini si kuna mashine zinalia kutwa, si kuna watoto, si kuna mabeseni yanaanguka? Nilitembea ofisini kwenda na kurudi nikimgombeza mtu ambaye hayupo. Nilipokuja kutulia nilikuwa nimesimama dirishani, kalamu iko mkono wa kushoto, na kidole gumba kinafanya kazi yake.

Nyumbani jioni mume wangu alikuwa anatazama taarifa ya habari.

"Mama, tafadhali, hiyo rimoti," akasema, wala hakunigeukia. Anasema hivyo kila siku, nami kila siku huwa nadhani analalamikia sauti ya televisheni.

"Nafanyaje?"

"Unaibonyeza. Hujui? Huu mwaka wa thelathini unabonyeza vitu. Ile ya zamani uliiua wewe."

Kesho yake nilimwomba Shemeji anitafutie video ya mtihani mmojawapo wa zamani, nikamzuia asiondoke, nikataka shahidi. Katika dakika kumi nilibonyeza kalamu mara sitini na tatu. Na si kwenye makosa. Nilikuwa nabonyeza zaidi mwanafunzi anapofanya vizuri, kwa kufurahi. Hilo liliniuma kupita lile jina.

Nikaenda kwa mkuu wa idara kumwambia kwamba mtihani wa tatu wa Kimya sitausahihisha mimi. Asahihishe mtahini wa chuo jirani, ambaye angekuja hata hivyo.

"Sawa," mkuu akasema, "lakini kanuni inataka mwalimu wa somo awe chumbani mwanzo hadi mwisho. Usipokuwepo mtihani unafutika, na yeye hana mwingine."

"Kanuni inasema niwe nimesimama?"

"Unamaanisha nini?"

"Mgonjwa wa mtihani ni mtu wa kuigiza. Siku zote tunatafuta mtu wa kulala pale. Nitalala mimi."

Akaniangalia kama aliyeona faili limeota miguu. "Mwalimu, na heshima zako zote, ulale kitandani umevaa shuka?"

"Mbona huko kwenye miwani nalala kila wiki."

Mgonjwa wa mtihani ule alikuwa ameshapangwa na mtahini: mzee wa miaka sabini, kiharusi, upande wa kushoto. Sikupanga mimi. Kalamu nilimkabidhi Shemeji mlangoni.

Kitu kimoja nilikuwa sijakipigia hesabu, nacho kilinijia nikiwa nimeshalala, natazama dari. Kimya hakujua. Kwake yeye yule babu alikuwa mtu aliyemwamini kwa siri yake, na mimi nilikuwa Mama Kalamu. Nikibaki Mama Kalamu hapa kitandani, huenda akaganda kama kawaida. Nikijitambulisha kwamba babu ni mimi, atajua nilimsikiliza kwa sura ya kuazima, na huenda hilo likamvunja kuliko kalamu. Ilibaki dakika moja na hakuna njia iliyokuwa safi. Moyo ulinienda mbio mpaka nikaogopa presha yangu itapimwa halafu nilazwe kweli.

Akaingia. Sare imepigwa pasi, faili kifuani. Akaona ni nani aliyelala, akasimama.

Mtahini aliketi kwenye kona, mtu mpole mwenye penseli isiyo na mlio. Saa ilikuwa imeshaanza kuhesabu. Kimya alifungua mdomo akaufunga. Nikaziona zile dalili ninazozijua, vidole vinalibana faili, macho yako sakafuni. Nusu dakika ikapita. Ikapita dakika nzima. Mgonjwa haruhusiwi kumsaidia mwanafunzi, anaruhusiwa kulalamika tu, kama mgonjwa yeyote. Nikaona binti anazama huku mimi nimelala. Nikasema liwalo na liwe.

"Mjukuu wangu," nikasema kwa sauti yangu mwenyewe, "huu mto mmeujaza mawe?"

Alifaulu, naomba niseme kabisa nisimweke mtu roho juu. Mtahini alimpa alama ambazo mimi, kwa ukali wangu, pengine nisingempa. Na ile ripoti ya miwani niliiandika upya yote, kurasa sita, nikapendekeza kila mwalimu wa idara alale kitanda cha sita mara moja kwa muhula kabla hajapewa mwanafunzi wa kumtahini. Lakini kinachonirudia hata leo ni kitu kingine.

Alinitazama. Kisha akavuta kiti. Akaketi, uso wake ukawa sawa na wangu.

"Shikamoo babu," akasema, na mtahini akainua nyusi, lakini karatasi yake si ilisema mgonjwa ni mzee wa kiume, kwa hiyo akaandika. Kimya akaurekebisha mto. Akauliza usingizi, akauliza chakula, akanipima presha akaniambia ni ngapi na kwamba iko juu kidogo ila tusiogope. Sauti yake ilitetemeka mwanzoni, halafu ikakaa. Mimi nilijibu huku nimekaza macho darini, kwa sababu kwenye miwani machozi hayaonekani lakini pale yangeonekana.

Mwisho akafika kwenye mikono. Huwa tunamwomba mgonjwa abane vidole vyetu, wa kulia kisha wa kushoto, tulinganishe nguvu. Wa kulia nikabana. Akaweka vidole viwili katika kiganja changu cha kushoto, ambacho kilitakiwa kulegea.

"Bana, babu."

Nilitaka kulegeza. Wallahi nilitaka. Lakini nilikuwa na wasiwasi na furaha kwa wakati mmoja, na nikahisi kidole gumba changu kinashuka na kupanda juu ya kidole chake. Kinashuka na kupanda.

Akainama kama anayenisikiliza pumzi, mtahini asisikie.

"Hapana, babu," akasema polepole. "Hiyo ni kalamu. Ulifanya hivyo hivyo tangu siku ya kwanza, ulipouinua mkono. Mimi nakuomba ubane."

Siku ya kwanza. Juma zima kabla hajaniambia habari za Mama Kalamu. Aliponieleza yote yale, kichwa kimeinama, hakuwa anamsimulia babu. Alikuwa anajua anaongea na nani, na alikuwa ameomba dakika kumi, na mimi nilikuwa nimelala pale nikijiona mjanja.

Nikabana kwa nguvu zangu zote, mtu mwenye kiharusi. Kimya hakuvitoa vidole vyake. Kwa mkono wa pili akafungua faili, akatazama saa ya ukutani, na akasema kwa sauti kubwa kwa ajili ya mtahini, huku akiandika:

"Mkono wa kushoto una nafuu."